Barabara Ambayo Hakuna Aliyeitaja

Kosa litakalofichuliwa na kumbukumbu hii ni kiburi cha mjuzi: ile tabia ya mtu aliyesoma kiasi kuona haya kuuliza, na kuamini kwamba kukisia kwake kuna thamani kuliko ujuzi wa mtu asiyemheshimu. Nimelikemea kosa hilo kwa wengine kwa miaka mingi, darasani na kanisani. Kwa sababu hiyo sina budi kusema mapema kwamba safari hii mkosaji ni mimi.

Ninafanya kazi ughaibuni, mjini Rockville, katika ofisi ndogo iliyo juu ya duka la mazulia. Tunaandika ripoti kwa kampuni zinazotaka kufanya biashara katika miji ya ng'ambo, na kwa miaka kadhaa sasa sehemu kubwa ya ripoti hizo imehusu India. Miji ya huko inataka taa zinazojizima zenyewe kunapokucha, mita za maji zinazosomwa kutoka mbali, kamera kwenye njia panda, na chumba kimoja chenye skrini ukuta mzima, ambamo ofisa ataweza kuutazama mji wake kama mpishi atazamavyo chungu. Kampuni za huku zinataka kuuza vitu hivyo. Mimi nimewekwa katikati yao ili kusahihisha lugha.

Sijawahi kufika India. Nimenyoosha sentensi nyingi kuhusu mitaro ya miji ambayo sijui hata harufu yake, na nimezoea jambo hilo kuliko inavyofaa. Katika ripoti zetu hakuna watu. Kuna wakazi, kuna watumiaji wa huduma, na kila baada ya kurasa chache kuna picha ya mwanamke anayetabasamu akiwa juu ya baiskeli katika njia safi isiyo na mtu mwingine. Neno linalorudiwa kuliko yote ni fursa. Nimelisoma mara nyingi mno hata limebaki sauti tupu, kama kengele ya lifti.

Magazeti ya nyumbani huiita miji ya namna hii miji janja, na neno hilo silipendi. Ujanja tumezoea kuusema juu ya sungura wa hadithi na juu ya dalali wa viwanja. Mtu akiambiwa kwamba fundi anayekuja kwake ni mjanja, atafungia vyombo vyake kabatini. Niliwahi kuyasema haya kwa urefu mbele ya mhandisi mmoja, Mtanzania mwenzangu, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi na mitano. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Basi Mwalimu, tukae chonjo. Mji huo ukishakuwa mjanja utatuzidi sisi sote."

Mwalimu ni jina nililopewa na wenzangu wa ibada ya Kiswahili, tunaokutana Jumapili alasiri huko Wheaton katika ukumbi wa kuazima, si mbali na kituo cha treni. Tuko Watanzania na Wakenya wachache, na wengi zaidi ni ndugu waliotoka Kongo ya mashariki na Burundi. Mimi husoma Maandiko na kusahihisha matangazo kabla hayajasomwa. Hakuna aliyeniomba kusahihisha. Nilianza tu, na kwa kuwa hakuna aliyenikataza nikaona ni wito.

Mhandisi niliyemtaja alikuwa na karakana Landover, chumba kilichokatwa kwa mbao ndani ya ghala, upande wa nyuma wa watu wanaokodisha viti vya sherehe. Humo alikuwa ametengeneza kifaa kidogo, ukubwa wa kopo la sabuni, cha kuning'inizwa chini ya mfuniko wa mtaro. Kazi yake ni kupima maji yanavyopanda na kutuma taarifa mapema, ili watu wa mtaa wainue magodoro na kuwatoa wazee kabla maji hayajaingia ndani. Nilipokwenda kukiona mara ya kwanza alikitia ndani ya pipa la plastiki, akafungua bomba, na tukasimama sote wawili tukilitazama pipa likijaa. Simu yake ililia wakati maji yamefika alama aliyoichora kwa kalamu nyekundu.

"Umeona?" akasema. "Hakidanganyi hiki. Mimi naweza kukudanganya, hiki hapana."

Alikuwa ameacha kazi ya mshahara wa uhakika kwa ajili ya kopo lile. Alilipeleka kwa miji kadhaa ya jirani hapa, akapokewa kwa adabu, akapewa kahawa, akasindikizwa mlangoni. Mimi ndiye niliyemletea tangazo kutoka mji mmoja wa jimbo la Gujarati, uliokuwa ukitafuta kampuni ndogo za nje zenye vifaa vya kujaribiwa katika mitaro ya mtaa mmoja kabla ya msimu wa mvua. Aliomba, akaingia katika orodha ya mwisho. Akipata, karakana ingeendelea, na yeye angekuwa na mahali pa kuonyesha kwamba kifaa chake kimefanya kazi nje ya pipa. Akikosa, angerudisha funguo za kile chumba mwishoni mwa majira na kurudi kutengeneza mashine za watu wengine. Mkewe aliyasema haya mezani kwangu, mbele yake, na yeye hakumbishia. Aliendelea kuchambua samaki wake kwa uangalifu, kama mtu aliyeshalisikia jambo hilo hadi mwisho.

Mkutano wa mwisho ulifanyika Jumanne, saa moja asubuhi kwetu, jioni kwao, kwa njia ya kompyuta, katika karakana ile. Mhandisi aliniomba niketi naye kwa ajili ya Kiingereza cha barua. Upande wa pili alikuwapo mhandisi wa manispaa, mzee mwenye miwani iliyomteremkia puani, pamoja na msaidizi wake, mama mmoja mwenye daftari. Walitandaza ramani yetu mbele ya kamera yao. Humo tulikuwa tumechora vifaa katika vichochoro, kila kifaa chini ya mfuniko wa mtaro nyuma ya nyumba. Mzee aliitazama ramani kwa muda, kisha akamgeukia msaidizi wake wakazungumza kwa lugha yao. Kidole chake kilitembea juu ya njia kuu ya mtaa, kikipanda na kushuka, na kila baada ya maneno machache alisema kitu ambacho sikio langu lilikikamata kwa furaha: barabar, barabar.

Furaha ile ninaikumbuka vizuri. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba duka, gari na laki ni maneno yaliyotufikia kutoka pande zile, na sasa neno jingine lilikuwa limesimama mbele yangu likiniita kwa jina. Mzee anataja barabara. Anataka vifaa vihamishwe kutoka vichochoroni viwekwe barabarani. Kidole chake kilikuwa shahidi.

Sauti ikaanza kukatika. Tulichosikia mwisho, kwa Kiingereza, ni ombi la msaidizi kwamba tuwaandikie kwa maneno yetu wenyewe tulivyoelewa, nao wangelijibu hilo. Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Sasa mbona mimi nilidhani wamekubali?" mhandisi akauliza.

"Wamekubali kwa sharti. Hukumsikia? Anasema barabara. Wanataka kando ya njia kuu."

"Anasema kwa Kiswahili?"

"Anasema kwa Kigujarati, mdogo wangu. Neno ni hilo hilo."

Alikuna kidevu. "Una uhakika, Mwalimu? Maana kopo hili limetengenezwa kwa ajili ya kichochoro. Barabarani itabidi nifanye mkono mwingine wa kulishikia, na sijui kama litasikia maji vizuri. Tuwaulize tena basi, si vibaya."

Hapo ndipo palipokuwa na njia, na mimi ndiye niliyeifunga. Nilimwambia kwamba kumuuliza tena mtu mzima jambo aliloshalisema mara saba ni kumwonyesha kuwa hatukumsikiliza. Nilizungumza kwa ile sauti ninayotumia kusomea Maandiko.  Usiku na mchana wa siku mbili alikaa na vyuma vyake akibuni mkono mpya, nami nikaandika barua nzuri sana, yenye adabu na aya zilizopimwa, ikisema kwamba tumepokea agizo lao na kwamba vifaa vyote vitaondolewa vichochoroni na kuwekwa kando ya njia kuu.

Jibu lilikuja Ijumaa, fupi. Walisema wameshangaa. Walisema maji huingia katika nyumba za vichochoroni, ambako watu wanaishi chini ya usawa wa njia, na kwamba kama kifaa chetu hakiwezi kufanya kazi huko basi hawana sababu ya kutubakiza katika orodha. Wangefunga mambo katikati ya wiki inayofuata.

Nilikasirika, na nilichokasirikia hakikuwapo. Nilimwambia mhandisi kwamba watu wale wamegeuka. Kwamba ndivyo walivyo katika biashara. Kwamba hata huko nyumbani tuliwajua. Ninayaandika maneno hayo kwa sababu niliyasema. Nilikuwa na haja ya kosa kuwa la mtu mwingine, na nikampa mtu niliyemwona kwa saa moja kwenye skrini. Nikaanza hata kuandaa barua ya pili, ya ukali, ya kuwakumbusha walichotamka.

Jumapili ile baada ya ibada tulisimama karibu na meza ya chai tukibishana kwa sauti ya chini. Mhandisi alitaka tuwapigie. Mimi nilitaka barua yangu iende kwanza. Aliyekuwa akimimina chai ni mama mmoja kutoka Uvira, Kongo ya mashariki, mwenye umri unaonizidi kidogo, ambaye kazi yake ya wiki nzima ni kutunza wazee majumbani mwao. Lazima nieleze jinsi tulivyojuana. Miezi mingi nyuma alikuwa akisoma matangazo, na siku moja aliposema "Tunaombaka wamama wote wabakie," nilimkatiza kutoka kiti cha mbele: "Tunaomba, mama. Tunaomba. Hiyo ka ya mwisho tumwachie kunguru." Watu walicheka. Yeye pia alicheka, akamaliza tangazo lake, na tangu siku hiyo hakusoma tena. Nilidhani amechoka. Nilimpa kazi hiyo mwingine.

"Mwalimu, munabishana nini?" akauliza, akiniwekea kikombe. "Chai inapoa."

"Mambo ya kazi tu, mama. Wahindi wametugeuka."

"Wahindi wa wapi?"

"Wa Gujarati," mhandisi akajibu.

"Aa, kama mzee wangu! Mzee ule ninayemutunza Rockville ni wa huko. Kiingereza kimemutoka kichwani, kimebaki cha kwao tu. Miaka ine niko naye. Bon, wamesema nini?"

Nilianza kusema kwamba ni habari ndefu. Mhandisi hakunisubiri. Alikuwa ameurekodi mkutano katika simu yake, na aliitoa mfukoni akaiweka juu ya meza kati ya sahani za mandazi. Sauti ya yule mzee ikasikika, na ile ya msaidizi wake, na lile neno.

Mama aliweka birika chini. "Rudisha kidogo."

Akairudisha. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Kisha akashika pembe ya kitenge chake akaziba mdomo, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Unacheka nini, mama?" nikauliza.

"Papa, unisamehe. Hapo hakuna barabara. Anasema ni sawa. Barabar, ni kusema sawa, vizuri, sawasawa kabisa. Mzee wangu anasemaka hivyo kila siku. Nikimuwekea mto mu mgongo: barabar. Nikimupatia chai yenye sukari yake: barabar. Nikikosa kuweka sukari hasemi kitu, ananiangalia tu."

"Haiwezekani," nilisema.

"Kwa nini haiwezekani? Hata ninyi watu wa pwani si munasemaka vile vile? Juzi ulisifu kwaya, ukasema wameimba barabara. Walikuwa wanaimba ndani ya njia, magari yanapita?"

Wanawake wawili waliokuwa wakikusanya vikombe waliangua kicheko. Mhandisi hakucheka. Alinitazama, na nilitamani angecheka.

Kila asomaye Kiswahili analijua jambo hili, nami enzi za kufundisha nyumbani nililifundisha kwa watoto wasiopungua darasa zima kila mwaka. Tunayo maneno mawili yanayoandikwa kwa herufi zile zile. Ukikaza sauti karibu na mwisho, kwenye silabi ya tatu, unataja njia ya magari. Ukiikaza kwenye silabi ya pili, unasema sawasawa, kwa ukamilifu, kama inavyotakiwa. Mzee wa manispaa alikuwa akikaza silabi ya pili, wazi kabisa, tena na tena. Neno lake lilikuwapo katika lugha yangu, kwa maana yake, kwa mkazo wake, na masikio yangu yalilisikia yakalitupa. Nilijiambia wakati ule kwamba mgeni huupotosha mkazo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaamua, na aliyeshaamua hasikilizi, hutafuta tu sauti zinazomuunga mkono.

"Na kidole chake?" nikauliza, kwa kuwa bado nilikuwa na kidole. "Kidole kilikuwa juu ya njia kuu."

"Hiyo sijui, Mwalimu. Mimi najua Kigujarati cha chai na cha mto, cha dawa na cha choo. Haya mengine tumuulize mwenyewe mzee. Nitaomba ruhusa kwa mtoto wake."

Ruhusa ilipatikana, na Jumatatu alasiri tulikuwa Rockville, dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini kwangu, katika chumba chenye joto jingi ambamo mzee mwembamba aliketi karibu na dirisha, shali magotini. Mama alimwinamia sikioni, akamweleza. Nilimsikiliza akiongea lugha ile. Hata mimi nisiyeijua nilitambua kwamba alikuwa akijikwaa. Mara mbili mzee aliinua kidole kumsahihisha, naye mara mbili alirudia neno kama alivyoelekezwa, akatikisa kichwa kwa shukrani, akaendelea. Ilimchukua muda mfupi kuliko ule ninaotumia mimi kujitetea.

Simu ikawekwa juu ya shali. Mzee alisikiliza mara moja, akaomba tena. Alisema jambo refu, na mama akalileta kwetu kwa Kiswahili, kipande kwa kipande.

"Anasema: mutu ule anamuambia mama wa daftari, hawa wameweka mahali pake, sawa kabisa. Anasema gari la kuleta vifuniko vya mitaro litapita njia kubwa hii, litaingia hapa, litatoka hapa." Akageuka tena kwa mzee, akauliza, akajibiwa. "Ndiyo. Kidole kilikuwa kinafuata gari."

Kisha mzee akanitazama mimi, akasema neno moja huku akiuinua mkono kidogo kama anayeuliza. Sikuhitaji kutafsiriwa.

"Barabar," nikamjibu, nikikaza silabi ya pili. Alicheka hadi akakohoa, na mama akamletea maji.

Nje, kwenye maegesho, mhandisi alisimama mbele ya gari lake bila kufungua mlango.

"Kesho kutwa wanafunga," akasema. "Tuwaambieje?"

Akageuza funguo za gari kiganjani, akaendelea:

"Tuseme mtandao ulikatika. Na kweli ulikatika, Mwalimu. Hatutakuwa tumedanganya."

Alinipa njia kwa upole, na kwa kuwa ni mtu mwema, aliitoa kwa ajili yangu zaidi kuliko kwa ajili yake. Ninakiri kwamba niliipima. Barua ya namna ile ingekuwa rahisi kuandika: sauti hafifu, samahani kwa usumbufu, tunathibitisha mpango wa awali. Kila neno lake lingekuwa la kweli na barua nzima ingekuwa uongo. Tena ingemwacha yule mzee wa manispaa akijiuliza kama watu hawa wanajua wanachokitaka, na anayetafuta kifaa cha kuwaonya watu juu ya maji ana haki ya kuogopa watu wa namna hiyo. Kopo lile halikudanganya. Lisingefaa kutambulishwa na barua inayodanganya.

"Tutawaambia lilivyokuwa," nikasema. "Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe."

"Watatuona wajinga."

"Mmoja wetu."

Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Haya, kaka. Mwandike huyo mmoja kwa herufi kubwa basi."

Niliandika usiku ule, nikaandika fupi. Nilieleza kwamba katika lugha yangu neno lao lina pacha anayemaanisha njia ya magari, kwamba niliwasikia vibaya, kwamba mwenzangu alitaka kuwauliza nami nikamzuia, na kwamba mpango wake wa vichochoroni haukuwahi kubadilika kichwani mwake. Sikupamba. Nilipoisoma tena niliona ndiyo barua pekee katika mwaka ule iliyokuwa na watu ndani yake.

Jumatano asubuhi walitupigia kwa kompyuta, tukiwa karakanani. Mzee wa manispaa alikuwa ameishika barua imechapwa. Alituuliza, kwa Kiingereza cha taratibu, kama ni kweli kwamba katika nchi yetu neno hilo ni njia. Nikamwambia ni kweli, na kwamba pia ni kama wanavyosema wao, tofauti ni mahali pa kukaza sauti. Alimgeukia msaidizi wake akamwambia, na yule mama akaacha kuandika, akalijaribu neno letu kwa mikazo yote miwili, akicheka. Tulimngoja. Mhandisi alikuwa ameshika kopo lake kwa mikono miwili chini ya meza, mahali ambapo hawakuweza kuliona.

Habari aliyotupa baadaye haikuwa nzuri yote. Kati ya Ijumaa na Jumatano walikuwa wameshawapa wengine sehemu kubwa ya mtaa, na hilo lisingeweza kurudishwa. Kilichobaki ni kichochoro kimoja, kilicho chini kuliko vyote, ambacho wale wengine hawakukitaka kwa sababu mitaro yake ni myembamba. Vifaa kumi na viwili, msimu mmoja wa mvua. Je, tunakitaka?

"Ndiyo," mhandisi akasema kabla sijafungua mdomo, na mimi nikaufunga.

Mkutano ulipokwisha mhandisi alianza kuufungua ule mkono wa chuma alioutengeneza kwa ajili ya barabara yangu. Aliurudisha kwenye sanduku la vyuma vikuukuu. Hakunilaumu kwa neno lolote, wakati ule wala baadaye. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuwa kichochoro kwa sababu ya sauti yangu ya Maandiko, na yeye alikuwa akifunga na kufungua skrubu. Mkewe aliponiona Jumapili iliyofuata alinisalimu kama kawaida, kisha akasema, "Funguo bado tunazo, shemeji. Kwa msimu huu." Alikazia maneno matatu ya mwisho, na alikuwa na haki.

Karatasi za makubaliano zilipofika zilikuwa na mahali pa kujaza jina la mtu wa lugha, atakayekuwapo katika kila mkutano ili jambo lile lisitokee tena. Msaidizi wa mzee alikuwa amependekeza, kwa adabu, kwamba asiwe mimi. Nilizipeleka Wheaton, nikamfuata mama wa Uvira jikoni alikokuwa akiosha birika. Nilimwomba radhi kwanza kwa habari ya tangazo. Alishangaa kwamba bado ninalikumbuka, kisha akasugua tena birika, nikajua kwamba yeye pia hakuwa amelisahau. Alikausha mikono, akasoma karatasi yote, akaandika jina lake la pasipoti pale palipotakiwa.

"Mzee amesema atanifundisha maneno ya mitaro," akasema. "Amefurahi. Sasa ana mwanafunzi."

"Na mimi nikuite nani?" nikauliza. "Siku zote nimekuita mama tu, kama ninavyowaita wote."

"Jina la karatasi ni la karatasi. Wewe uniite vile wadogo zangu wananiitaka." Na akalitaja.

Kwetu pwani neno hilo ni la mwanamke aliyeajiriwa kubeba mtoto wa mtu mwingine, na lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, tayari kwa kusahihishwa. Nililizuia. Nikamuuliza, "Kwenu maana yake nini?"

"Dada mukubwa," akasema. "Au kaka. Ule aliyekutangulia kuzaliwa, mwenye unamuuliza mbele ya kuongea."

Kila Jumanne sasa, kabla mkutano haujaanza, nampigia simu akiwa ndani ya basi kuelekea kwa mzee wake, namuunganisha na watu wa Gujarati, kisha nakaa kimya. Neno langu la kwanza huwa salamu, na la pili huwa jina la aliyetusaidia: Yaya.